Mwalimu Mpya Mwenye Mvi

Kila Serikali inapotangaza nafasi za kazi ya ualimu, miongoni mwa masharti huwamo moja fupi ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama mara mbili: mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Kijana halijali, kwa kuwa halimhusu. Mzee naye halijali, kwa kuwa hana haja nalo tena. Lakini yuko mtu wa tatu, na huyo ndiye tunayetaka kumsema leo: mhandisi wa miaka 47 aliyechoka na kampuni, karani wa benki wa miaka 50 ambaye benki yake imepunguza watu, muuguzi, mkemia wa kiwandani, fundi umeme ambaye vijana wengi wamejifunza kazi mikononi mwake. Mtu huyu ametaka kwa hiari yake kusimama mbele ya ubao. Akifika mlangoni aambiwa kwamba amechelewa.

Kwanza yafaa tulitendee haki sharti lenyewe, maana hatudhani kwamba liliwekwa kwa ubaya. Mtumishi wa Serikali hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Ili apate pensheni ya kila mwezi, sheria yataka awe amechangia katika Mfuko muda usiopungua miezi 180. Miezi 180 ni miaka 15. Ukitoa 15 katika 60 hubaki 45. Yeyote ajuaye kujumlisha na kutoa ataiona hesabu iliyomo, na hapana mwajiri mwungwana apendaye kumfikisha mtumishi wake siku ya kustaafu kisha amwache mlangoni mikono mitupu.

Hata hivyo hesabu hii ina tundu. Yamchukulia kila mwombaji kana kwamba kabla ya siku ile hajapata kufanya kazi wala kuchangia popote. Mhandisi wetu wa miaka 47, ikiwa amekatwa mshahara kwa ajili ya NSSF kwa miaka 20, miezi yake 180 alikwisha kuimaliza zamani. Haji kutafuta pensheni; aja kufundisha fizikia. Mtu wa namna hiyo angeweza kuajiriwa kwa mkataba wa miaka 3, ukaisha, ukafanywa upya endapo kazi yake yafaa. Na kwamba umri si ukuta wa mawe, Serikali yenyewe imekwisha kukubali: maprofesa na madaktari bingwa katika utumishi wa umma wameruhusiwa kufanya kazi mpaka miaka 65, kwa kuwa nchi iliona ina haja nao. Sisi twauliza kama mtoto wa kidato cha pili asiye na mwalimu wa hisabati ana haja ndogo zaidi kuliko mgonjwa.

Mbele ya mlango huo upo mwingine, nao ni wa chini zaidi. Mkopo wa Serikali kwa masomo ya shahada ya kwanza hutolewa kwa mwombaji asiyezidi miaka 35. Mwanamke aliyeishia kidato cha sita, akaolewa, akalea, akauza duka, kisha akiwa na miaka 38 akatamani kusoma ualimu, hana budi ajilipie mwenyewe kila senti. Aliye na shahada tayari njia yake ni fupi: asoma Stashahada ya Uzamili katika Elimu kwa mwaka mmoja, Dar es Salaam au kwingineko. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kimewafaa sana watu hawa, kwani mtu hujisomea usiku akirudi kazini. Njia basi ipo. Lililo la ajabu ni kwamba mtu aweza kuifuata njia hiyo mpaka mwisho, akafaulu, akapewa cheti, na cheti hicho kisimfungulie shule hata moja ya Serikali kwa sababu ya tarehe yake ya kuzaliwa.

Shule za watu binafsi hazina sharti hilo, nazo zamchukua kwa furaha. Hapa ndipo jambo hili linapokuwa zito. Mkemia aliyefanya kazi kiwandani miaka 20 ataishia kumfundisha mtoto ambaye mzazi wake alipa ada ya mamilioni, na mtoto wa shule ya kata, ambaye shule yake haina hata maabara iliyokamilika, hatamwona kabisa. Hatuwalaumu wenye shule hizo, maana wao wameona mali ikitupwa barabarani wakaiokota.

Tumewasikia watu wengi wakisema: Ni nani huyo mwenye akili timamu aachaye kazi ya uhandisi akashike chaki? Swali hili lina dharau ya zamani ndani yake. Kwa miaka mingi watu wetu wamezoea kusema kwamba ualimu ni kazi ya aliyekosa kazi. Mzazi ambaye mwanawe amepata alama nzuri humtakia udaktari au uanasheria, na aliyepata alama za chini ndiye huambiwa, "Basi nenda ualimu." Dharau hiyo yasemwa katika nchi ambayo imemwita Rais wake wa kwanza kwa jina hilo hilo na haikuona jina kubwa zaidi la kumpa! Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha St. Mary's Tabora, na baada ya masomo yake Edinburgh akafundisha Pugu. Mwaka 1955 aliondoka darasani akaingia katika siasa moja kwa moja. Aliiacha kazi, lakini jina la kazi halikumwacha mpaka kufa kwake mwaka 1999. Hao tunaowasema leo waja kwa njia hiyo hiyo, ila waelekea upande wa pili: watoka mahali penye jina na mshahara, waelekea darasani.

Wanayo sababu, tena si moja. Yuko aliyesukumwa, ambaye kazi yake ilikwisha na umri wake wamfanya asitakiwe na kampuni nyingine. Yuko aliyekuwa akitaka ualimu tangu ujanani, baba yake akamkataza. Yuko mama ambaye alianza kwa kuwasaidia wanawe mazoezi ya hesabu jioni, mara watoto wa majirani wakajaa barazani, akatambua kwamba saa ile ndiyo saa njema ya siku yake. Yuko pia, na hapana haja ya kumficha, yule ajaye kupumzika, adhaniye kwamba ualimu ni kivuli cha mwembe na likizo mara mbili kwa mwaka. Huyu wa mwisho asipokelewe. Mwezi mmoja wa zamu, na madaftari 80 ya kusahihisha kila jioni, utamwonyesha kwamba kiwandani ndiko kulikokuwa na kivuli.

Mambo haya si mageni duniani, na inafaa tutazame waliotutangulia. Uingereza ilipokuwa bado vitani, mwaka 1944, ilipitisha Sheria ya Elimu ambayo pamoja na mambo mengine iliagiza watoto wabaki shuleni mpaka miaka 15 badala ya 14. Agizo hilo lilianza kutumika mwaka 1947. Walimu hawakuwapo. Wengi walikuwa wamechukuliwa jeshini, wengine wamekufa, na vyuo vya kawaida havikuweza hata nusu ya kazi iliyotakiwa. Basi Serikali ya huko ikawageukia watu wazima waliokuwa wakivua sare za jeshi: makanika, marubani, makarani, mabaharia, wanawake waliokuwa katika viwanda vya silaha. Ikawafungulia mpango wa dharura wa kuwafunza ualimu kwa miezi 13. Vyuo viliwekwa popote palipopatikana paa, katika hospitali zilizoachwa, katika mabweni ya viwanda, katika majumba ya matajiri; hata katika ngome ya Alnwick, kaskazini, wanawake walijifunzia ualimu ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya vita vya mikuki. Mpango ulipofungwa mwaka 1951 ulikuwa umetoa walimu wapatao 35,000.

Walimu wa vyuo vya kawaida walinung'unika wakati ule, wakisema kwamba mtu hawezi kufanywa mwalimu kwa miezi 13 hali wao walisoma miaka 2. Neno lao halikuwa upuuzi. Lakini wenye mpango hawakuangalia vyeti peke yake. Kila mwombaji aliitwa akakaa mbele ya watu, akaulizwa habari za maisha yake, na wengi walikataliwa. Tena aliyemaliza hakuachwa peke yake. Alikaa katika majaribio huku akiendelea kusoma. Kilichofidia ufupi wa mafunzo ni kwamba wanafunzi hawa hawakuwa wakijifunza kuamka mapema, wala kufanya kazi na wenzao, wala kupokea amri na kutoa amri. Hayo walikuja nayo. Mwaka mzima ulibaki kwa ajili ya ualimu wenyewe.

Habari ya pili ya huko ni ya juzijuzi. Lucy Kellaway alikuwa mwandishi mashuhuri wa gazeti la Financial Times la London kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2016 alitangaza kwamba aacha uandishi awe mwalimu, na mwaka 2017, akiwa na miaka 58, akaanza kufundisha hisabati katika shule ya mashariki ya London. Pamoja na Katie Waldegrave alianzisha chama kiitwacho Now Teach, kazi yake kuwasaidia watu waliokwisha kufanya kazi nyingine waingie ualimu. Walifuata mawakili, watu wa benki, watumishi wa Serikali, wanasayansi. Bibi huyo aliandika kitabu juu ya safari yake, Re-educated, kilichotoka mwaka 2021, na ndani yake hafichi kwamba ilikuwa kazi ngumu. Baadaye aliiacha hisabati akafundisha uchumi na biashara, somo ambalo alikuwa ameliishi maisha yake yote. Hata huko kwenye fedha nyingi jambo hili halikuwa salama: mwaka 2024 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba haitaendelea kukifadhili chama hicho, ijapokuwa nchi hiyo yenyewe yalia kwa uhaba wa walimu wa fizikia.

Nasi hapa nyumbani tumekwisha kujaribu, tena zaidi ya mara moja. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka uliofuata kazi ikaanza kwa nguvu katika wilaya chache, Mafia na Ukerewe zikiwa miongoni mwake. Ni nani waliofundisha? Walimu wa shule hawakutosha hata kidogo. Walifundisha makarani, wakulima waliobahatika kusoma, wafanyakazi wa viwandani, watumishi wa kila namna, chini ya miti na ndani ya maghala, wakilipwa posho ndogo au bila malipo. Ilipofika mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka mpaka kama 39 katika 100. Kazi ile ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu ambao ualimu haukuwa kazi yao.

Lakini mfano wa pili wa nyumbani wataka tahadhari. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo Novemba 1977. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakafundisha huku wakifundishwa, kwa masomo ya posta na ya redio na kwa wakufunzi waliozunguka vijijini, kwa miaka 3. Wengi wao wakawa walimu hodari, na waliopo katika utu uzima leo wawakumbuka kwa heshima. Hata hivyo watu waligeuza herufi za mpango huo, UPE, wakasema ni "Ualimu Pasipo Elimu," na mzaha huo uliwachoma walimu wasio na hatia kwa miaka mingi. Twautaja kwa sababu mwalimu mpya mwenye mvi aweza kupatwa na mzaha kama huo, endapo ataingizwa kwa haraka na kwa mlango wa nyuma. Asipunguziwe mtihani wala mafunzo. Tunachomwombea ni kuondolewa tarehe ya kuzaliwa katika masharti, si kuondolewa sharti la kujua.

Na kujua nako kuna namna mbili. Hapa twapenda kukaa kidogo, maana ndipo wengi wa watu hawa wanapoangukia. Mhandisi ajua hisabati kama mvuvi ajuavyo maji. Akisimama mbele ya kidato cha pili ataandika mistari minne ubaoni, ageuke, aone nyuso 60 zinazomtazama kana kwamba amesema Kigiriki. Msichana aliyekaa nyuma atanyosha mkono aulize: "Mwalimu, kwa nini hasi mara hasi huwa chanya?" Mhandisi ameitumia kanuni hiyo miaka 20 kujenga madaraja, na madaraja yasimama, lakini hakuna aliyepata kumwuliza swali hilo. Alisahau zamani kwamba lilikuwa swali. Mwalimu mzoefu wa shule ya kata, ambaye hangeweza kujenga hata kalvati, atajibu kwa mfano wa deni: ukifuta madeni matatu ya shilingi mia, umeongezewa mia tatu. Sanaa hiyo haipatikani kiwandani. Yapatikana kwa kukaa nyuma ya darasa la mwenzio wiki nyingi, kimya, ukiandika.

Kwa maoni yetu, ambayo wahandisi watatuwia radhi, waliokuwa wauguzi na mabwana shamba huanza vyema zaidi. Muuguzi amezoea kumwuliza polepole mtu mwenye hofu, na kumweleza neno lile lile mara tatu bila kukunja uso. Bwana shamba au bibi shamba amewafundisha maisha yake yote wanafunzi walio wagumu kuliko wote, yaani wakulima wenye miaka 60 waliokwisha kulima kabla yeye hajazaliwa.

Fundi ana shida nyingine. Katika karakana za Keko au Gerezani kijana hujifunza kwa macho. Fundi hasemi mengi. Asema "shika hapa," asema "siyo hivyo," achukua randa mkononi mwa kijana na kumwonyesha, na baada ya miaka 3 kijana huyo ni fundi. Elimu hiyo ni ya kweli na imejenga nusu ya miji yetu. Lakini yafundisha vijana wawili au watatu kwenye meza moja. Darasa la watu 45 haliwezi kuzunguka meza moja ya seremala. Walio nyuma wataona mgongo wa fundi tu. Hana budi ajifunze kuitoa kazi mikononi na kuiweka mdomoni na ubaoni: kwa nini patasi hushikwa hivi, kwa nini mbao hii hupasuka na ile haipasuki.

Jambo la fundi limekuwa la haraka tangu mwaka 2024. Kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2014 katika toleo lake la mwaka 2023, shule za sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali, ambamo kijana hujifunza kazi kama ujenzi, umeme, kilimo au ushonaji pamoja na masomo mengine. Nani atawafundisha? Kijana aliyetoka chuoni jana aweza kuwa amesoma vizuri habari za kujenga bila ya kupata kuinua ukuta uliosimama. Waliouinua wapo, nao ni wa miaka 40 na 50, na wengi wao hawana cheti cha namna yoyote. VETA kwa muda sasa imekuwa ikiupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya madarasa, na fundi akifaulu hupewa cheti. Morogoro kipo chuo cha kuwafunza walimu wa ufundi stadi. Daraja lote basi limekwisha kujengwa, kutoka karakana mpaka chuo; kipande kilichobaki ni kutoka chuo mpaka ajira, na hapo ndipo fundi wa miaka 46 anapokuta kamba imefungwa.

Sasa tuje kwenye pingamizi kubwa, ambalo tungelikwepa tungekuwa hatuwatendei haki vijana wetu. Wako vijana wengi mno waliosomea ualimu, waliofaulu, na ambao wapo nyumbani. Zamani aliyemaliza chuo cha ualimu alipangiwa shule moja kwa moja. Tangu katikati ya miaka ya 2010 mambo hayo yamekwisha. Mwaka 2022 zilipotangazwa nafasi 9,800 za walimu, waombaji walikuwa wengi kupita nafasi mara nyingi, na sasa hata mwalimu hana budi apite katika usaili. Kijana huyo akisikia kwamba gazeti lamwombea nafasi mtu wa miaka 50 aliyekwisha kula mshahara wa kampuni, ana haki ya kukasirika.

Jibu letu ni hili. Vijana wanaokaa nyumbani kwa wingi ni wa masomo ya historia, jiografia, Kiswahili na kadhalika. Katika hisabati, fizikia, na sasa masomo ya amali, shule ndizo zinazotafuta walimu. Basi mlango tunaouombea ufunguliwe ni wa masomo hayo tu, tena katika shule ambazo nafasi imetangazwa na haikupata mtu. Mahali penye kijana aliyehitimu na anayetaka kwenda, kijana atangulie. Zaidi ya hayo, kijana huyo naye alitazame vizuri sharti la miaka 45. Aliyemaliza chuo mwaka 2015 akiwa na miaka 25, akaendesha bodaboda na kuuza simu akingoja, atatimiza miaka 45 mwaka 2035. Sharti analodhani lamlinda dhidi ya wazee lamngojea yeye mwenyewe, na siku litakapomfikia litamwambia kwamba amechelewa kazi ambayo hakupewa nafasi ya kuiwahi.

Kwa aingiaye, yafaa ajue mapema anakokwenda. Mwenye shahada ataanza katika ngazi ya TGTS D, ile ile apewayo kijana wa miaka 24. Miaka yake 20 ya kiwandani haihesabiwi. Aliyekuwa akiendesha gari la kampuni atapanda daladala. Kisha kuna jambo la kupangiwa kituo. Kijana asiye na mke aweza kwenda Nkasi au Kakonko na begi moja. Mtu wa miaka 44 ana mwenzi mwenye kazi yake, ana watoto walio shuleni, pengine ana mama mgonjwa ndani ya nyumba. Ukimwambia aondoke Mwanza kesho aende mwisho wa nchi, umemwambia asije. Kwa kuwa uhaba wa walimu wa sayansi haupo mikoa ya mbali peke yake, sioni, yaani hapa ofisini hatuoni, kwa nini asipangiwe shule zilizo karibu na nyumbani kwake, na zile za mbali akapewa aliye tayari.

Kuna na jambo dogo la adabu, dogo machoni lakini laweza kuharibu kazi. Mwalimu mpya ana miaka 50. Mkuu wake wa shule ana miaka 34. Asubuhi ni nani amwamkiaye mwenziwe? Kwa desturi zetu mkuu wa shule atasema shikamoo, na mwalimu mpya ataitikia marahaba, na hivyo ndivyo ipasavyo. Robo saa baadaye mkuu yule yule hana budi amwite ofisini amwambie kwamba andalio lake la somo halifai na azimio la kazi halijajazwa. Vijana wengi huona haya, wakanyamaza, na mzee akaendelea kufundisha vibaya mwaka mzima kwa sababu ya heshima. Tumeambiwa na walimu kwamba dawa yake iko mikononi mwa mzee mwenyewe: atangulie yeye kwenda kwa kijana na daftari mkononi, amwambie, "Mwalimu, nitazamie hapa." Akishasema hivyo mara mbili mbele ya wenzake katika chumba cha walimu, hofu yote imekwisha. Asiyeweza kusema hivyo abaki kiwandani.

Kuhusu wanafunzi hapana shida hiyo. Mtoto hajali ulikuwa nani jana. Atakupima kwa wiki mbili kama ampimavyo kila mwalimu, aone kama wajua jina lake, kama wasahihisha daftari lake, kama ahadi yako ya Jumatatu ipo Ijumaa.

Tunayoyapendekeza kwa wahusika, basi, si mengi. Kwa masomo ya sayansi, hisabati na amali, aliyevuka miaka 45 aajiriwe kwa mkataba, bila ya kugusa Mfuko wa pensheni endapo alikwisha kuchangia kwingine. Mwaka wake wa kwanza aufanye chini ya mwalimu mzoefu, na huyo mwalimu mzoefu apunguziwe vipindi na alipwe kwa kazi hiyo, kwani mzigo wa kumlea mgeni bila malipo ndio huwafanya wenyeji wamchukie. Umri wa mikopo uangaliwe upya kwa wale wanaosomea ualimu wa masomo yenye uhaba. Na ikiwa yote hayo ni mazito kwa sasa, ijaribiwe katika mikoa miwili au mitatu, na matokeo yatangazwe hadharani, yawe mazuri yawe mabaya.

Wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali waliingia kidato cha kwanza Januari 2024. Mwaka wao wa kufanya mtihani wa kidato cha nne ni 2027, na katika mtihani huo kijana wa useremala atatakiwa aonyeshe kazi ya mikono yake.